Baridi ya Dar es Salaam Huja na Upepo: Ufafanuzi wa Mwisho wa Kiangazi na Ujio wa Kipupwe

Kuanzia mwishoni mwa Januari hadi katikati ya Machi, mazungumzo ya wakazi wa Dar es Salaam hayapiti mbali kabla ya kugusa joto. Abiria waliobanana ndani ya daladala ya Mbagala hulitaja, muuza matunda wa Buguruni hulitaja, na mzazi anayempigia simu mwanawe aliyeko Iringa humuuliza kwanza kama huko nako kunachoma. Katika mazungumzo hayo kauli chache hurudiwa kila mwaka: kwamba jua limesogea karibu na dunia, kwamba joto hili ni la mvua, kwamba likizidi hivi basi masika itakuwa ya kutisha, na kwamba ikifika Juni tutatafuta masweta. Baadhi ya kauli hizi ni za kweli kabisa, nyingine zina ukweli nusu, na moja au mbili hazina msingi. Ugumu ni kwamba zote husemwa kwa uhakika uleule, na msikilizaji hana njia ya kuzitenganisha.

Suala hili linastahili maelezo ya makini kwa kuwa mambo mengi ya maisha hapa hupangwa kwa kutazama majira. Fundi huitwa kuziba bati linalovuja kabla Machi haijaisha, mkulima wa Mkuranga au Kisarawe huandaa shamba akisubiri mvua za kwanza, nahodha wa chombo kiendacho Mafia hupima kama bado amebakiwa na siku za bahari tulivu, na mama mwenye mtoto mchanga huanza kuulizia blanketi. Ninachotaka kukieleza ni kwamba majira ya mji huu hutokana na vitu vitatu visivyokwenda kwa mwendo mmoja, yaani jua, bahari na upepo. Jua hutangulia, bahari hulifuata kwa kuchelewa, na upepo hugeuka kwa wakati wake. Mkanganyiko katika mazungumzo yetu hutokea hasa pale tunapolitwisha jua kazi ya upepo. Jua la Dar es Salaam hupungua makali kwa kiasi tu katika mwaka mzima, lakini upepo wake hugeuka kabisa, ukatoka upande mmoja wa dunia na kuhamia upande wa pili, na ndiyo maana baridi yetu, kwa kadiri ilivyo, huja na upepo.

Tuanze na jua, kwa sababu ndilo linalosingiziwa zaidi. Dar es Salaam ipo takriban nyuzi 6.8 kusini mwa Ikweta, na mahali palipo karibu hivyo na Ikweta hupitiwa na jua la utosini mara mbili kwa mwaka: mara ya kwanza karibu na tarehe 10 Oktoba, jua linapoelekea kusini, na mara ya pili karibu na tarehe 3 au 4 Machi, linaporudi kaskazini. Mtu anaweza kulishuhudia jambo hili bila chombo chochote. Katika siku hizo za mwanzo wa Machi, yapata saa sita na nusu mchana, nguzo ya umeme iliyosimama wima hukosa kivuli, na mtu aliyesimama katikati ya viwanja vya Mnazi Mmoja hukuta kivuli chake kimeishia kwenye nyayo zake. Kati ya Oktoba na Machi jua la mchana huwa upande wa kusini wa mji, na miezi iliyobaki huwa upande wa kaskazini. Hata tarehe 21 Juni, linapokuwa limeinama kuliko siku nyingine zote, bado hupanda hadi takriban nyuzi 60 juu ya upeo wa macho, kimo ambacho kinakaribiana na kile ambacho jua la London hukifikia katika kilele cha kiangazi cha Uingereza. Urefu wa mchana nao haubadiliki sana: tofauti kati ya mchana mrefu kabisa wa Desemba na mchana mfupi kabisa wa Juni haifiki saa moja. Upungufu huo wa jua upo na una athari yake, lakini peke yake usingetosha kuwafanya watu wajifunike usiku wa Julai.

Hapa ndipo panapofaa kuzungumzia zile jumbe zinazosambazwa kwa simu mwaka hadi mwaka, mara nyingi na watu wenye nia njema kabisa. Mmoja hudai kwamba dunia imekwenda mbali na jua, na kwa hiyo baridi isiyo ya kawaida itadumu hadi Agosti. Mwingine hutokea karibu na Machi na Septemba, usiku na mchana vinapolingana, ukionya watu wasitoke nje kwa siku tano kwa kuwa joto litafika nyuzi 40. Ni kweli kwamba umbali wa dunia na jua hubadilika: mwanzoni mwa Januari ni takriban kilomita milioni 147, na mwanzoni mwa Julai ni takriban kilomita milioni 152. Tofauti hiyo ni kama asilimia 3, nayo hupunguza mwanga unaotufikia kwa karibu asilimia 7. Kwa sisi wa kusini mwa Ikweta upungufu huo huongezea kidogo ubaridi wa katikati ya mwaka, lakini hutokea kila mwaka kwa kiasi kilekile, kwa hiyo hauwezi kuufanya mwaka mmoja uwe wa baridi isiyo ya kawaida. Na katika Julai hiyohiyo ambayo dunia ipo mbali na jua, watu wa Ulaya na Marekani ndio wanaotafuta vivuli. Kuhusu onyo la Machi na Septemba, kulingana kwa usiku na mchana ni hatua ya kawaida ya jua katika safari yake, wala hakuna siku tano za moto zinazotokana nako.

Sasa linakuja swali ambalo, kwa maoni yangu, ndilo linalofungua mambo mengine yote. Kama jua hupita utosini Oktoba na likapita tena Machi, kwa nini Februari na Machi ndizo zinazotutesa, ilhali Oktoba huvumilika? Jibu lipo baharini. Maji huhitaji joto jingi sana ili yapande hata nyuzi moja, zaidi ya mara nne ya joto linalohitajika kwa hewa ya uzito uleule, na yakishapata joto hilo hayaliachi upesi. Bahari iliyo mbele ya mji wetu ni chungu kikubwa cha maharage, kinachochelewa kuchemka na kuchelewa kupoa. Oktoba inapofika, maji hayo yametoka katika miezi mirefu ya upepo wa kusi, na joto la uso wake huwa lingali chini, karibu na nyuzi 25 au 26. Hivyo jua linapotuwakia utosini, upepo utokao baharini bado una ubaridi ndani yake. Lakini kufikia Machi, bahari imeshapokea jua la karibu kwa miezi mitano mfululizo, uso wake umefika nyuzi 29 na zaidi, na upepo wake hautupozi tena kama zamani. Jua ni lilelile. Kilichobadilika ni kile kilichohifadhiwa majini.

Bahari hiyo yenye joto hutufanyia jambo la pili lililo zito zaidi kwa mwili wa binadamu, nalo ni kuijaza hewa mvuke. Wastani wa joto la juu kabisa la mchana kwa Februari hapa Dar es Salaam ni kati ya nyuzi 32 na 33, na namba hiyo si ya kutisha hata kidogo kwa mtu aliyezoea kusikia habari za nchi za jangwani. Mwili, hata hivyo, haujipozi kwa namba za kipimajoto bali kwa jasho linalokauka, na jasho hukauka tu ikiwa hewa ina nafasi ya kulipokea. Hewa ya Dodoma ikiwa kavu, mtu hutokwa na jasho asilione, kwa kuwa hukauka kadiri linavyotoka. Hewa ya Dar es Salaam mwishoni mwa kiangazi imeshiba mvuke, kwa hiyo jasho hubaki juu ya ngozi, shati hunata mgongoni, na joto lililopaswa kuondoka hubaki mwilini. Hilo ndilo fukuto. Usiku hali haibadiliki sana, kwani mvuke ulio angani huzuia joto la ardhi lisipotee, na kipimajoto hubaki karibu na nyuzi 25 hadi alfajiri. Ndiyo sababu watu wengi husema kwamba joto la usiku ndilo linalowamaliza, na wapo sahihi.

Jambo moja linalohusiana na hili huleta ubishi mwingi. Dereva hutoka nje ya gari akasema kioo chake kimeonyesha nyuzi 38, kisha jioni akasikia taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ikitaja 33, akahitimisha kwamba anafichwa ukweli. Hafichwi. Kipimajoto cha kituo cha hali ya hewa huwekwa ndani ya kisanduku cheupe chenye matundu ya kupitisha hewa, juu ya nyasi, kwenye kimo kinachokaribia kifua cha mtu, ili kipime joto la hewa na si makali ya jua wala moto wa lami. Kihisio cha gari kipo karibu na injini na barabara, na kikikaa kwenye foleni ya Mandela saa nane mchana hupima joto la mahali pale hasa. Vyote viwili husema kweli, lakini vinazungumzia vitu viwili tofauti, na ni kile cha kwanza tu kinachoweza kulinganishwa na namba za mji mwingine au za mwaka mwingine. Hilo halimaanishi kwamba mateso ya dereva ni ya kufikirika; mtu anayefanya kazi Kariakoo, katikati ya zege, bati na mashine za kupozea hewa zinazotema joto mitaani, huishi katika hali kali kuliko ile inayopimwa juu ya nyasi za uwanja wa ndege.

Tumefika kwenye upepo. Kuanzia karibu Desemba hadi Machi, upepo wa kaskazi huvuma pwani yetu ukitokea upande wa Uarabuni na India, ambako ardhi ya Asia imepoa kwa majira yao ya baridi na hewa yake nzito inasukumwa kuelekea kusini. Kuanzia Aprili hali hugeuka. Kusini mwa Bahari ya Hindi, karibu na visiwa vya Mascarene, ambavyo miongoni mwake ni Mauritius na Réunion, kuna eneo la mgandamizo mkubwa wa hewa, na eneo hilo huimarika kadiri kizio cha kusini kinavyoingia katika majira yake ya baridi. Wakati huohuo ardhi ya Asia hupata joto na hewa yake hupanda. Hewa hutiririka kutoka kwenye mgandamizo mkubwa kwenda kwenye mgandamizo mdogo, na sisi tumekaa njiani. Upepo huo ndio kusi, nao haukomei kwetu, kwa kuwa huvuka Ikweta, hupinda mbele ya pwani ya Somalia, na hufika Kerala, kusini mwa India, karibu na mwanzo wa Juni ukiwa umebeba mvua zao kubwa. Kwa karne nyingi majahazi yalikuja huku na kaskazi yakarudi na kusi, na watu wa pwani, kwa kutumia kalenda ya jua ianzayo siku ya Nairuzi, waligawanya mwaka katika miongo ya siku kumikumi ili wajue lini chombo kitweke na lini kibaki nanga. Ujuzi huo haujafutika. Makunduchi, Unguja, mwanzo wa mwaka huo bado huadhimishwa kila Julai kwa Mwaka Kogwa.

Kati ya kaskazi na kusi kuna kipindi ambacho mabaharia hukiita tanga mbili, kwa kuwa chombo kinaweza kwenda upande wowote. Kaskazi imechoka, kusi haijashika, na siku nyingine mchana mzima hupita bila jani la mnazi kutikisika. Kwa Dar es Salaam kipindi hicho huangukia Machi na mwanzo wa Aprili, yaani wakati uleule jua linapopita utosini na bahari ikiwa katika kilele cha joto lake. Mambo matatu hukutana mahali pamoja, na hapo ndipo watu hupeleka viti nje ya nyumba usiku, wanaoweza hukimbilia Coco Beach jioni kuufuata ule upepo mdogo unaotoka baharini, na wakazi wa Kimara na Ubungo, ambao upepo huo huwafikia ukiwa umepungua nguvu, hulala na madirisha wazi. Mtu anayeuliza kwa nini joto limezidi ghafla wakati kipimajoto hakijapanda hata nyuzi moja atapata jibu lake hapo: kilichoondoka ni upepo.

Je, joto hilo ni "la mvua", kama inavyosemwa? Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Kaskazi na kusi, pamoja na hewa zitokazo bara, hukutana katika ukanda unaofuata mwendo wa jua, na katika ukanda huo hewa iliyogongana hukosa pa kwenda isipokuwa juu, ambako hupoa na kumwaga mvua. Ukanda huo hupita juu ya mji wetu ukielekea kusini, ukatupatia vuli ya Oktoba hadi Desemba, kisha hukaa kusini katika Januari na Februari, na ndiyo maana redio hutangaza mvua kubwa za Ruvuma na Mbeya wakati sisi tunaungua. Ukirudi kaskazini kuanzia Machi hutuletea masika, na Aprili kwa kawaida ndiyo mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote. Hivyo fukuto la Machi na mvua za masika ni ndugu wawili waliozaliwa na hali moja: bahari ya joto, hewa iliyoshiba mvuke, na pepo zilizolegea. Fukuto ni dalili kwamba malighafi ya mvua ipo.

Kauli ya pili, ile isemayo kwamba joto likizidi basi masika itakuwa kubwa, ni dhaifu zaidi, na ningewaomba watu wasiitegemee. Kiasi cha mvua za msimu mzima huamuliwa na hali ya bahari yote ya Hindi, na hata ya Pasifiki, si na jasho la Dar es Salaam. Kwa mvua za vuli uhusiano huo unaonekana wazi: upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi unapokuwa na joto kuliko upande wa mashariki, vuli yetu huwa nzito, kama ilivyokuwa 1997, 2019 na 2023, na El Niño inapotokea pamoja na hali hiyo nguvu huongezeka. Masika ni ngumu zaidi kutabirika, kwa sababu katika miezi hiyo mivuto hiyo mikubwa hulegea na matukio ya muda mfupi huamua mengi. Kwa hiyo Mamlaka inapotangaza kabla ya masika kwamba mvua za "wastani hadi juu ya wastani" zinatarajiwa, inazungumzia jumla ya msimu mzima ikilinganishwa na rekodi za miaka mingi, na inazungumzia uwezekano mkubwa zaidi kati ya kadhaa. Haisemi kwamba kila siku itanyesha, wala haisemi kwamba wiki mbili za jua katikati ya Aprili ni ushahidi wa utabiri kuharibika. Anayetaka kujua kuhusu kesho au keshokutwa anapaswa kutazama utabiri wa siku chache na zile taarifa za angalizo na tahadhari, ambazo zimetengenezwa kwa kazi hiyo.

Tofauti hii kati ya msimu na siku si ya kitaaluma tu. Mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu wapatao 40 na kusababisha wakazi wa Jangwani na sehemu nyingine za bonde la Msimbazi kuhamishiwa Mabwepande, hayakutokea katika masika bali mwishoni mwa kipindi cha vuli, kutokana na mvua ya siku chache tu. Na mapema Mei 2024, wakati wengi wakiamini mvua zinaelekea kwisha, Kimbunga Hidaya kilifika hadi karibu na kisiwa cha Mafia. Tukio hilo lilikuwa nadra, kwa kuwa karibu na Ikweta nguvu ya mzunguko wa dunia inayokifanya kimbunga kijizungushe huwa ndogo, lakini lilionyesha vizuri kule kuchelewa kwa bahari: jua lilikuwa limeshavuka kwenda kaskazini kwa miezi miwili, na maji yalikuwa bado na joto la kutosha kukilisha kimbunga, ambacho kwa kawaida huhitaji uso wa bahari usiopungua nyuzi 26 na nusu. Mitaro ya bonde la Msimbazi haipaswi kusafishwa kwa kufuata kalenda ya Machi peke yake, na viongozi wa mitaa wanaosubiri wingu la kwanza ndipo waite vijana wa kuzibua huwa wamechelewa.

Baada ya mvua kupungua, karibu na mwisho wa Mei, huingia kipupwe. Sasa upepo wa kusi umeshika, nao huleta hewa iliyotoka kwenye bahari baridi ya kusini, ambayo kule kwenye mgandamizo mkubwa ilikuwa ikishuka badala ya kupanda. Hewa inayoshuka hukauka na haijengi mawingu makubwa. Ndiyo maana Juni, Julai na Agosti huwa na jua safi na mvua chache, zile za rasharasha za asubuhi ambazo wazee huziita mchoo. Tukizitazama namba, tutaona jambo ambalo mazungumzo ya kawaida hulificha. Joto la juu la mchana hushuka kutoka kwenye zile nyuzi 32 au 33 za Februari hadi karibu nyuzi 29 za Julai, upungufu wa nyuzi 4 hivi. Joto la chini la usiku hushuka kutoka karibu 25 hadi 18 au 19, upungufu wa nyuzi 6 au zaidi. Kipupwe cha Dar es Salaam, kwa maneno mengine, ni cha usiku na alfajiri. Hewa kavu na anga lisilo na mawingu huliacha joto la ardhi litoroke usiku kucha, na kufikia saa kumi na moja alfajiri bati limelowa umande, maji ya ndoo yaliyolala uani yanamshtua anayeoga, na dereva wa bodaboda anayetoka Chanika kuelekea mjini amevaa koti zito lililofungwa hadi shingoni.

Koti hilo huwashangaza wageni waliotoka nchi za theluji, nao hutuuliza kama kweli nyuzi 19 ni baridi. Kwa mwili wa binadamu aliyezoea nyuzi 25 usiku kwa miezi mingi, ndiyo, ni baridi, kwani mwili hujizoeza kulingana na mahali unapoishi. Zaidi ya hapo, upepo huondoa ile tabaka nyembamba ya hewa vuguvugu inayouzunguka mwili, na mtu aliye juu ya pikipiki inayokwenda kilomita 50 kwa saa amejitengenezea upepo mkali wa kwake mwenyewe. Nyumba zetu nazo zimejengwa kwa ajili ya kupitisha hewa, zikiwa na madirisha ya nyavu na nafasi chini ya paa, na kilichokuwa neema Machi huwa mlango wa baridi Julai. Wenzetu wa Njombe na Makete wana haki ya kusema kwamba baridi halisi ipo kwao, ambako usiku wa Juni na Julai hushuka chini ya nyuzi 10 na baadhi ya alfajiri hufunga barafu nyepesi juu ya majani. Lakini baridi yao ina sababu nyingine ya ziada, nayo ni kimo. Kila mita 1,000 za kupanda hupunguza takriban nyuzi 6 za joto, na mji wa Njombe upo karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kusi ni ileile inayotupiga sisi; wao wanaipokea wakiwa juu mlimani.

Wenye ndugu Ulaya au Amerika ya Kaskazini hukutana na mkanganyiko mwingine. Mwishoni mwa Agosti na Septemba ndugu hao husema kiangazi kinawaishia na baridi inabisha hodi, na ifikapo Desemba wanalalamika kwamba London giza huingia kabla ya saa kumi jioni kutimia. Majira yao huongozwa na jua moja kwa moja: mchana hufupika kwa saa nyingi, jua huinama, na baridi hufuata. Mtoto anayesoma Dar es Salaam akifundishwa misimu minne kwa michoro ya majani yanayopukutika na theluji, kisha akaambiwa kwamba yetu ni hiyohiyo iliyogeuzwa juu chini, hubaki na picha isiyomsaidia kuelewa anachokiona nje ya dirisha. Ni kweli kwamba Februari ni mwisho wa kiangazi cha kizio cha kusini na Julai ni katikati ya majira yake ya baridi, lakini kwa mji ulio nyuzi 7 kutoka Ikweta mgawanyo wenye maana ni ule wa kaskazi na kusi, masika na vuli. Ningefurahi kuona walimu wakiuanzia huo.

Ipo pia kauli ya wazee kwamba misimu siku hizi imevurugika, na haifai kuipuuza. Dunia imepata joto, bila shaka yoyote. Shirika la Hali ya Hewa Duniani liliutangaza mwaka 2024 kuwa wenye joto kuliko miaka yote iliyowahi kurekodiwa. Kwa Dar es Salaam huongezeka jambo la pili, ambalo ni ukubwa wa mji wenyewe: sensa ya 2012 ilihesabu watu milioni 4.36 katika mkoa huu, na ile ya 2022 ikahesabu milioni 5.38, na penye makazi mapya mengi palikuwa na miembe, mikorosho na mashamba ya mihogo. Zege huhifadhi joto la mchana na kuliachia usiku, hivyo sehemu kubwa ya kile ambacho mzee wa Magomeni anakiita kupotea kwa kipupwe cha zamani huenda kinatokana na mtaa wake kupoteza miti. Hata hivyo, masika kuchelewa mwaka mmoja na kuwahi mwaka mwingine ni tabia yake tangu zamani, na mwaka mmoja wa mvua haba hautoshi kuthibitisha lolote.

Kwa anayetaka kujua kama kipupwe kimeshafika, tarehe za kalenda zina msaada mdogo, na bendera ina msaada mkubwa. Katika Februari bendera za Kivukoni hupepea kuelekea kusini-magharibi. Zikigeuka na kuelekea kaskazini kwa siku kadhaa mfululizo, kusi imeanza, na usiku wa ubaridi utafuata baada ya wiki chache kadiri mvua zinavyopungua na hewa kukauka. Kusi hiyohiyo inayowapa watu usingizi mzuri huwanyima wavuvi wa ngalawa riziki, kwa kuwa bahari huchafuka na taarifa za angalizo hutaja upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2, na siku hizo bei ya samaki pale Feri hupanda. Msafiri wa Unguja mwenye kichefuchefu cha bahari anaweza kuvuka asubuhi na mapema, kabla upepo haujapata nguvu za mchana; mwenye chombo kidogo cha kwenda Mafia hana budi kusoma taarifa hizo kila siku hadi Septemba, demani inapoingia na kusi kuanza kulegea.